Madebe tu? Mwongozo kamili wa kucheza muziki na mtoto mdogo, kwa wazazi na walimu wa Kusini

"Mwalimu, hawa leo wamesoma nini? Maana tangu nimesimama hapa nasikia madebe tu."

Aliyeuliza alikuwa mama wa mtoto mmoja wa darasa langu la awali, hapa Mtwara mjini, beseni la dagaa bado liko kichwani. Nikamjibu kwamba wanajifunza. Akacheka kile kicheko cha kumwachia mtu na maneno yake, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Jibu lenyewe halikunitosha hata mimi. Huu ndio urefu wake, kwa mama yule na kwa yeyote mwenye mtoto wa kuanzia tumboni hadi miaka 6, awe Mikindani, Newala, Mtama au Kilwa. Huhitaji hela, huhitaji sauti nzuri. Unahitaji muda kidogo na masikio.

Kwanza ujue kinachofanya kazi

Wengi wakisikia "muziki na akili ya mtoto" wanakimbilia flashi ya nyimbo au video kwenye simu. Kuna ile hadithi kwamba mtoto akisikilizishwa Mozart anakuwa na akili. Imetokana na jaribio la mwaka 1993 huko Marekani, na waliojaribiwa hawakuwa watoto. Walikuwa wanafunzi wa chuo. Walisikiliza dakika 10, wakafanya vizuri kidogo zaidi kwenye maswali ya kukunja na kupanga maumbo, na faida yenyewe ikayeyuka ndani ya robo saa. Biashara iliyojengwa juu ya robo saa hiyo mpaka leo inauza.

Sasa linganisha na hili. Mwaka 2009, katika Taasisi ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani, watoto wa kuanzia miaka miwili na nusu walipewa ngoma wapige kwa namna tatu: pamoja na mtu, pamoja na mashine inayopiga ngoma, na kwa kufuata sauti inayotoka kwenye spika. Walishika mdundo vizuri zaidi walipopiga na mtu. Mdundo ni uleule, ila mashine haina macho ya kumtazama mtoto.

Ukiniuliza mimi, siri yote iko kwenye neno moja ambalo wacheza ngoma wa huku wanalijua tangu zamani: kuitikia. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Programu ya Taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ile inayofupishwa PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja "malezi yenye mwitikio" kuwa mojawapo ya nguzo zake. Mtoto anatoa sauti, mkubwa anaipokea na kumrudishia. Mara elfu kwa siku. Kila hatua hapa chini ni njia ya kufanya hivyo tu, na ukisahau hatua zote ukabaki na kuitikia, umebaki na kilicho bora.

Hatua ya 1: Mtoto wa mgongoni na wa mapajani

Kuanzia kama mwezi wa saba wa ujauzito mtoto anasikia, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama yake. Kwa hiyo imba tangu hapo, hata kama ni ule wimbo wa kwaya unaouimba ukichambua mchicha.

Akishazaliwa, mkaribishe usoni. Mtoto mchanga anaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka ziwa mpaka uso wa mama. Imba polepole, kifupi, ukirudia. Kisha nyamaza. Hapa ndipo watu wazima wanapokosea: tunaimba mfululizo kama redio. Nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, umwangalie. Atarusha mguu, atatoa "aaa", au atapanua macho. Huko ndiko kuitikia kwake. Mrudishie "aaa" yake kwa sauti ileile aliyotoa, ndipo uendelee na mstari.

Na yule aliyefungwa mgongoni kwa kanga wakati mama anatwanga? Watu humwona kama mzigo unaolala. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapigia watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo popote. Wengine walirushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo kama ule lililorushwa nao. Walichokisikia masikioni kilikuwa kimoja, tofauti iliingilia mwilini. Basi piga picha wanawake wawili kwenye kinu kimoja, michi inapishana, ti-ta, ti-ta, na kila mmoja ana mtoto mgongoni. Hilo ni darasa la muziki na hakuna aliyelipa ada.

Hatua ya 2: Chagua wakati mmoja wa siku, usiongeze

Usijipangie ratiba ya kuimba asubuhi, mchana na jioni. Utashindwa ndani ya wiki, hasa Oktoba ikiingia na watu wote wako mikoroshoni. Chagua jambo moja ambalo lazima mlifanye kila siku, ulipachike wimbo. Kwangu mimi kuogesha hakuna mpinzani, kwa sababu mtoto yuko uchi, hakimbii, na mikono yako iko juu yake.

Huu ni wa kwangu, uchukue kama ulivyo au uuharibu upendavyo:

Maji haya, maji gani?
Ya kichwani!
Maji haya, maji gani?
Ya tumboni!
Maji haya, maji gani?
Ya...

Hapo kwenye "ya" unasimama, kata imeinuliwa, maji bado hayajamwagwa. Mtoto wa mwaka mmoja atainua mguu. Wa mwaka na nusu atasema "guuni". Wa miaka mitatu atasema "ya puani!" akuharibie wimbo makusudi, na hapo ujue amekuzidi: ameelewa mpangilio wa wimbo kiasi cha kuuchezea. Cheka, mmwagie puani kidogo.

Ndani ya mistari hiyo kuna majina ya viungo, kuna kungoja zamu, kuna kutabiri kinachofuata. Hakuna hata kimoja ulichokaa ukafundisha.

Imba kwa lugha inayokujia. Kama bibi wa mtoto anaimba Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, aimbe hivyohivyo. Wako wazazi wanaomkataza bibi wakihofia mtoto atachelewa Kiswahili shuleni. Darasani kwangu sijaona hilo. Ninaoona wanapata tabu ni wale walioimbiwa na televisheni peke yake.

Hatua ya 3: Anza juu, nenda na kasi yake

Mambo mawili ya kiufundi yanayowashinda hata walimu wenzangu.

La kwanza, sauti. Mtu mzima akianza wimbo huanza chini, panapomfaa yeye. Koo la mtoto wa miaka mitatu halifiki huko, ndiyo maana unasikia wanapiga kelele badala ya kuimba. Anza juu kidogo kuliko ulivyozoea, kama vile unamwita mtu aliye upande wa pili wa barabara, lakini bila nguvu. Baba mwenye sauti nzito anaweza kuimba kwa sauti nyembamba ya mchezo. Watoto hawacheki. Anayecheka ni shemeji.

La pili, kasi. Mtoto mdogo akiachwa apige mwenyewe hupiga haraka kuliko wewe, na mpaka afike kama miaka minne hawezi kukufuata kwa uhakika. Kwa hiyo usimwambie "taratibu, taratibu". Mfuate wewe. Akipiga sufuria pa-pa-pa-pa, nawe piga mfuniko pa-pa-pa-pa kwa kasi yake. Baada ya muda mfupi atakutazama, kisha atapunguza au kuongeza ili aone kama utakuja. Anakujaribu. Nenda.

Hatua ya 4: Piga makofi ya majina

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na lugha yetu imeifanya rahisi mno. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mtoto anaweza kuzikata kwa viganja bila kufundishwa herufi hata moja.

Kaeni duara. Kila mtoto anasema jina lake, wote wanalirudia kwa makofi. A-si-ya, matatu. Sha-i-bu, matatu. Mwa-na-ha-mi-si, matano, na Mwanahamisi anakaa siku nzima kifua mbele kwa sababu hakuna aliyemfikia. Baada ya wiki hamieni kwenye vitu: ko-ro-sho, mu-ho-go, pwe-za. Kisha mji wenyewe: M-twa-ra, matatu. Hapo ndipo utakapowagundua wakubwa. Mara nyingi mzazi anapiga mawili, "Mtwa-ra", na mtoto anamsahihisha, kwa sababu ile M imesimama peke yake na mtoto ameisikia. Lakini mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi, maana M ile imejibanza kwenye B. Mtu, m-tu, mawili.

Faida yake utaiona miaka miwili mbele, siku mwalimu wa darasa la kwanza atakapoandika ba be bi bo bu ubaoni. Mtoto aliyezoea kukata maneno kwa viganja anajua tayari kwamba neno lina vipande. Aliyeshika hilo, kusoma kwake ni kuunganisha vipande. Asiyelishika anakariri picha ya neno zima, na akikutana na neno jipya anakodoa macho.

Ukitaka kutunga wimbo wako, chunga mkazo. Kiswahili kinatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: ko-RO-sho. Kofi kali lianguke hapo. Nyimbo nyingi za shule zimechukuliwa kwenye tuni za kigeni na maneno yakashindiliwa ndani, ukisikia KO-ro-sho ujue umeingia huko. Mtoto anaimba lakini neno halimuingii, kwa kuwa nyumbani hakuna anayelisema hivyo. Kuhamisha mkazo si jambo dogo: barabara unayopita na jambo lililofanyika barabara yanatofautishwa na mkazo tu.

Hatua ya 5: Tengenezeni ala, na usome sehemu ya usalama kabla hujagusa kitu

Naanza na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitaka manyanga ya kutikisa, watoto 40. Nikatazama huku na huku nikaona kilichojaa kila nyumba msimu ule: korosho ghafi. Zina ukubwa mzuri, zinagonga vizuri kwenye chupa. Nikajaza. Siku ya tatu kizibo kimoja kikafunguka, kijana mmoja wa miaka minne akaona korosho, na korosho anaijua ni tamu. Akaing'ata na ganda lake. Asubuhi yake mama yake alimleta midomo imevimba, imetoka malengelenge kama aliyeungua uji. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi, wabanguaji wote wanalijua hilo, na mimi mzaliwa wa Newala nilijua pia. Sikufikiri tu.

Kwa hiyo: korosho ghafi kamwe. Mbegu za mbarika kamwe, ni sumu. Zile mbegu nyekundu nzuri zenye doa jeusi, ambazo watu huzitunga shanga, nazo ni sumu, tena kali. Maharage makavu yanaingia puani na masikioni. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, chochote chenye upana wa chini ya sentimita 3 hivi kinaweza kumkaba koo, na kizibo cha soda kiko palepale kwenye mpaka, kwa hiyo njuga za vizibo ni za wakubwa. Na vile vinanda vya dukani vyenye betri ndogo za kidonge, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri ile ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usingoje aseme anaumwa, kimbia naye hospitali.

Sasa ala zenyewe.

*Manyanga ya chupa.* Chupa ya maji ya nusu lita, au ndogo zaidi kwa mikono midogo. Ioshe, ikauke kabisa, maana unyevu huozesha mtama. Tia vijiko viwili vikubwa, usizidishe, chupa iliyojaa haitoi sauti. Tia mchanga wa pwani kwenye moja, mtama kwenye nyingine, kokoto ndogo kwenye ya tatu. Paka gundi kwenye nyuzi za kizibo, kaza, kisha zungushia kitambaa na ukishone. Gundi peke yake haitoshi, niamini. Kagua kila Jumatatu. Zikishakuwa aina tatu una mchezo mwingine bure: mtoto anafumba macho, unatikisa, anasema ni bahari, ni mvua au ni gari kwenye changarawe. Bahari ndiyo ile ya mchanga.

*Vifuu.* Nazi haijawahi kutupungukia. Kifuu kilichokunwa vizuri, kikaushwe juani siku mbili, kingo zisuguliwe kwa msasa mpaka zisikwaruze kidole. Viwili kwa kila mtoto. Vikigonganishwa midomo kwa midomo vinatoa sauti nene, mgongo kwa mgongo sauti kali. Waache wagundue wenyewe, usiwaambie.

*Ngoma ya ndoo.* Ndoo ya rangi ya lita 20, iliyooshwa, ipinduliwe. Ukiiweka chini moja kwa moja inanyamaza, iinue juu ya vipande viwili vya tofali ili sauti itoke. Fimbo zifungwe vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye ncha. Ndoo moja inatosha watoto wanne kuizunguka, na kuizunguka ndiko kunakowafanya watazamane.

*Ngoma ya kopo.* Kopo la maziwa ya unga, kingo ziwe zimefunikwa, na tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa ikawambwa juu. Mmoja avute, mwingine afunge. Kama una fundi wa kuwamba ngoma mtaani kwenu, mpelekee watoto wamwone. Ngozi ikilegea anaipasha moto na sauti inapanda mbele ya macho yao. Watoto wangu waliona ngoma ya Kimakonde ya mguu mmoja ikichomekwa ardhini na wakazungumza juu ya ule mguu kwa wiki mbili.

Hatua ya 6: Ngoma ikilala

Mchezo huu utautumia mpaka uchoke, wao hawatachoka. Watoto wamesimama, wewe una ngoma. Ukipiga wanatembea, ukinyamaza wanaganda. Kanuni ni hiyo tu.

Wiki ya kwanza usitoe mtu nje kwa kosa. Anayetolewa ni yule anayehitaji mazoezi zaidi, sasa umtoe akafanye nini? Wiki ya pili ongeza: pigo la polepole, tembeeni kama kobe. Pigo la haraka, kimbieni kama kaa wa ufukweni, yaani kwa ubavu. Wiki ya tatu geuza: polepole ni kaa, haraka ni kobe. Hapo utaona sura. Mguu unataka kukimbia, kichwa kinasema hapana, mtoto anatetemeka katikati kama gari lililowekwa gia mbili. Huko kutetemeka ndiko unakokutafuta. Anajizuia kufanya kile mwili unachotaka, afanye kile kanuni inachotaka, na uwezo huohuo ndio utakaomkalisha kwenye dawati, umngojeshe zamu ya bomba, umzuie kumpiga mwenzake aliyemkanyaga.

Nyumbani huhitaji ngoma. Mvua ya Januari inapopiga bati, haiwezekani kuongea wala kuimba. Ganda mvua ikizidi, cheza ikipungua. Mvua ndiyo mpigaji.

Hatua ya 7: Kwa mwalimu mwenye watoto 60

Najua unachowaza: ala 60 darasani ni vita. Ni kweli. Kwa hiyo usigawe 60, gawa 20.

Dakika 20 zinatosha. Tatu za mwanzo makofi ya majina, majina kumi tu kwa siku, kesho wengine. Tano za ngoma ikilala, nje kama kuna kivuli. Kisha dakika saba za ala: kundi moja linapiga, kundi la pili linaimba, kundi la tatu linacheza, kisha mnabadilishana mara mbili ili kila mtoto afike kila mahali. Tano za mwisho wimbo wa chini, wamekaa, wamefumba macho, ukishusha sauti mpaka iwe mnong'ono. Ukimaliza kwa wimbo wa kurukaruka kisha ukasema "haya, tukaandike", shida uliyoipata umejitakia.

Ala zina neno lao. Nikisema "Manyanga?" wanaitikia "Yamelala!" na kila kitu kinakwenda chini ya magoti. Fanyeni zoezi la kulaza mara kumi kabla ya kupiga hata mara moja. Siku ya kwanza mimi hufanya hilo tu.

Usiwapange kwa mistari kama gwaride. Duara. Mtoto lazima aone uso wa mwenzake. Katika chuo kilekile cha McMaster, utafiti uliotoka mwaka 2014 uliwachukua watoto wa miezi 14. Walibebwa wakirushwa kufuata muziki, na mbele yao mtu mzima akiwa anadunda, ama sambamba nao, ama akipishana nao. Baadaye mtu yule aliangusha vitu kama kwa bahati mbaya. Waliodunda naye sambamba walielekea zaidi kumwokotea. Miezi 14, mtoto bado anajifunza kutembea. Mimi nimeanza kuwaweka duara moja wale wanaogombana sana, bega kwa bega kwenye ndoo moja. Siahidi miujiza, ila siku hizo malalamiko ya "Mwalimu, kanifinya" hupungua.

Hatua ya 8: Hadithi yenye wimbo

Fupi tu hapa, kwa sababu bibi zetu waliikamilisha. Hadithi njoo, kisha katikati ya hadithi kuna mahali sungura anaimba, na wasikilizaji wote wanaimba naye. Kila akipita mto anaimba tena. Ukisimulia bila wimbo mtoto anasikiliza mara moja, ukiweka wimbo anakuomba tena kesho, na kesho anaisimulia mwenyewe. Tunga kiitikio cha maneno manne. Yakizidi manne, punguza.

Hatua ya 9: Waite wakubwa, na ujue cha kuacha

Kusini kwetu mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, basi mtumie. Mjomba mmoja mvuvi alikuja darasani kwetu, akasema hajui kuimba, akakaa akagonga ubao kama wanavyogonga ubavu wa mtumbwi kushtua samaki waingie wavuni. Hatukuhitaji zaidi. Wanaume wengi hukataa ukiwaambia "njoo uimbe". Mwambie "njoo ugonge".

Lakini si kila ngoma ni ya watoto. Nyimbo za jando na unyago zina mahali pake na wenyewe, haziletwi darasani, hata kama mtoto mmoja amezidokoa dirishani na anazijua zote. Badilisha mada kwa upole. Na lipiko, kinyago kile kinachocheza, ni fahari ya Wamakonde, lakini mtoto wa miaka miwili anaona mtu asiye mtu. Akilia mbebe, msogee mbali, mwangalie kwa umbali wa nyumba mbili. Kumsukuma mbele ili watu wacheke hakumfanyi jasiri.

Masikio

Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti, au anayetoa usaha sikioni, mpeleke kliniki, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Mtoto kiziwi naye yumo kwenye duara: mkalishe aegemee ndoo, au miguu peku karibu na ngoma, atapokea mdundo kwa mifupa.

Na zile spika za sherehe. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 75 kwa watoto, kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda muda huo unapungua haraka. Huna kipimo, sawa. Kipimo chako ni hiki: mtu aliye umbali wa mkono, kama lazima umpigie kelele ndipo akusikie, mtoto hapaswi kuwa hapo. Kwa skrini, shirika hilohilo linasema chini ya miaka 2 hakuna, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Hata hiyo saa, kaa naye uitikie.

Yule asiyeimba

Kila mwaka ninaye mmoja. Mwaka jana alikuwa mtoto wa kiume, kimya, macho makubwa, analelewa na bibi yake. Duara likianza anasogea nyuma anaegemea ukuta. Sikumlazimisha. Nilimpa kazi: yeye ndiye anayebeba ndoo nje na kuirudisha ndani. Wiki zikapita, ndoo inakwenda, ndoo inarudi, mdomo umefungwa. Muhula ukaisha hivyohivyo.

Siku ya kufunga shule bibi yake akaja kumchukua. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nina shida na wewe. Huyu mjukuu wangu huko nyumbani halali. Mpaka watu wote tukae chini, tupige makofi jina lake, jina la mama yake, jina langu, na la mbuzi. Na nikikosea ananirudisha mwanzo."

Nikamtazama kijana. Alikuwa ameshaishika ndoo.